Uhuru Usio na Sikukuu

Ndugu msomaji, kama unakaa Mombasa upande wa Kisauni, basi Kengeleni unapajua. Makanga wa matatu hulitaja jina hilo mara mia kwa siku, abiria wakashuka, wakavuka barabara, kila mtu na hamsini zake. Mimi nilipita hapo miaka minne mizima nikienda shule na kurudi, na sikuwahi hata siku moja kuinua kichwa nikaitazama hiyo kengele yenyewe. Ipo. Imetundikwa kwenye mnara wake pale njia panda, na magari yanaizunguka kama nzi.

Kengele hiyo ni ya kijiji cha Frere Town, kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kiingereza ili wakae watu waliotolewa utumwani, wengi wao wakiwa wamekamatwa baharini ndani ya majahazi yaliyokuwa yanawapeleka kuuzwa. Kijiji kikapewa jina la Sir Bartle Frere, bwana mkubwa aliyetumwa Unguja mwaka 1872 kumbana Sultani afunge soko la watumwa. Angalia vizuri hapo. Kijiji ni cha waliokombolewa, lakini jina ni la mkombozi. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Swali langu leo ni moja, na limeninyima usingizi tangu mwaka jana. Sisi ni watu wa sikukuu. Tuna Madaraka tarehe 1 Juni, tuna Mashujaa tarehe 20 Oktoba, tuna Jamhuri tarehe 12 Desemba. Hata zikikosa maana tunazitafutia maana nyingine: ile tarehe 10 Oktoba iliitwa Siku ya Moi, ikafutwa na katiba ya 2010, mahakama ikairudisha 2017, ikaitwa Utamaduni 2021, na mwaka 2024 ikageuka kuwa Mazingira, sasa twapanda miti. Sawa. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana yao, 9 Desemba, 12 Januari, 26 Aprili. Zote hizo ni za uhuru wa nchi na za dola. Lakini je, ni siku gani katika pwani hii ndefu yote, kutoka Lamu mpaka Kilwa, tunapokumbuka kwamba mtu aliyekuwa mali ya mtu aliamka akawa si mali ya mtu? Hakuna. Kalenda iko kimya. Nataka kujua kama kimya hicho ni aibu, au ni busara, au ni woga tu uliovaa kanzu ya busara.

Siulizi kwa kutaka kujionyesha msomi. Elimu yangu ni kidato cha nne, na kazi yangu ni kupiga fotokopi na kuchapia watu barua katika kibanda kimoja karibu na steji. Usiku ndipo ninapoandika. Nina madaftari sita ya riwaya ambayo haijapata mwisho, na hadithi fupi kadhaa, na moja kati ya hizo ndiyo iliyoniletea balaa.

Hadithi hiyo ilimhusu bibi yake bibi yangu. Nyumbani kwetu mama huyo alitajwa mara chache, na kila mara kwa sauti ya chini, kwamba "alitoka bara" akiwa mdogo akalelewa katika nyumba ya mwenye shamba. Nilipokuwa mtoto nilidhani alikuwa yatima. Nikakua, nikasoma historia, nikajumlisha moja na moja. Nikaandika. Nikaisomea hadithi kwa vijana wenzangu tunaokutana Jumamosi kusomeana kazi zetu, wakapiga makofi, mmoja akasema hii lazima ichapishwe. Nikavimba kichwa, sikatai.

Kumbe wiki hiyohiyo wazee walikuwa wamekuja kumposa binamu yangu. Mji huu mdogo, maneno hayana nauli. Upande wa pili wakatuma mtu kuuliza kwa adabu sana kama ni kweli kwamba asili yetu ni hiyo iliyosomwa Jumamosi. Shangazi yangu alikuja kibandani kwangu mchana kweupe, mbele ya wateja, akaniuliza kama nina akili. Nikamjibu kama kijana aliyesoma vitabu: Shangazi, aibu si ya aliyeuzwa, aibu ni ya aliyenunua. Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema: "Wasema kweli, mwanangu. Sasa hiyo kweli yako ndiyo itakayomwoa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Posa haikuvunjika, lakini ilisuasua miezi mitatu, na kwa miezi mitatu binamu yangu hakusema nami.

Basi nikaanza kusoma, maana nilitaka silaha. Nikasoma habari za wenzetu wa ng'ambo. Visiwani Karibi siku yao ni 1 Agosti, kwa sababu sheria ya Uingereza ya kufuta utumwa ilianza kazi 1 Agosti 1834. Trinidad na Tobago waliifanya sikukuu ya taifa mwaka 1985. Marekani wana 19 Juni, wanaiita Juneteenth. Rais Lincoln alitangaza watumwa wa majimbo yaliyoasi kuwa huru tarehe 1 Januari 1863, lakini Texas habari hiyo haikufika kwa nguvu ya serikali mpaka 19 Juni 1865, jenerali mmoja, Gordon Granger, alipotua Galveston na askari wake ikatolewa amri. Miaka miwili na nusu! Watu wanapalilia pamba ya bwana, kumbe katika karatasi ya Washington wameshakuwa huru. Weusi wa Texas walianza kuisherehekea siku hiyo mwaka uliofuata tu, 1866, kwa vyakula na sala, na serikali kuu ikaja kuitambua kuwa sikukuu mwaka 2021. Walingoja karatasi mara ya pili.

Niliposoma maelezo ya amri yenyewe ya Galveston nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Baada ya kuwaambia watu kwamba wako huru, inawashauri wabaki walipo kwa utulivu, wafanye kazi kwa ujira, na inawaonya kwamba hawatalishwa katika uvivu. Yaani pumzi ya kwanza ya uhuru inatoka pamoja na onyo la uvivu. Hebu sasa njoo Unguja. Mwaka 1897 Sultani Hamoud, huku Waingereza wamemsimamia begani, alitoa amri kwamba mahakama hazitatambua tena utumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru ilibidi aende mwenyewe kuuomba, na akiupata aonyeshe kwamba ana pa kukaa na njia ya kujilisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana naye akapewa fidia. Ndiyo, bwana! Aliyeibiwa maisha akaombwa cheti cha makazi, aliyeiba akalipwa kwa hasara yake. Na masuria hawakuhesabiwa katika amri ile, eti wao ni kama wake. Wakangoja mpaka 1909. Huku kwetu Mombasa na mwambao wa Kenya sheria ikaja 1907, na Tanganyika wakasubiri mpaka 1922, Wajerumani wameshakuja na wameshaondoka.

Sasa niambie, msomaji. Tukitaka kuwa na sikukuu, tuchague tarehe ipi? Ya 1873, soko lilipofungwa Unguja huku utumwa wenyewe ukiendelea mashambani? Ya 1897, ya mlango uliofunguliwa nusu? Ya 1907? Kila tarehe ina saini chini yake, na saini hiyo si ya mtumwa. Kuisherehekea ni kama kwenda kila mwaka kumshukuru mtu kwa kuondoa mguu wake juu ya shingo yako. Ndiyo maana nilikwambia uliweke akilini jina la Frere Town.

Na walikuwapo waliojikomboa wenyewe. Hao shuleni sikuambiwa habari zao hata kidogo. Watoro walikimbia mashamba ya Malindi na Mombasa usiku, wakajenga vijiji vyao bara, kama kile cha Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Wengine wakakimbilia misheni ya Rabai, na mabwana zao wakaja juu wakitaka mali yao, mpaka mwanzoni mwa mwaka 1889 ile Kampuni ya Kiingereza ikawalipa mabwana ili watoro wapatao 1,400 wapewe vyeti vya uhuru. Watu walikuwa wameshajitoa kwa miguu yao, wameshalima, wameshazaa, kisha wakanunuliwa ili waruhusiwe kuwa walivyokwisha kuwa! Mtoro hana tarehe. Nani aliandika ni usiku gani mama fulani alimfunga mtoto mgongoni akaingia msituni? Kalenda hutaka karani, na karani hakuwapo.

Hapo nikadhani nimepata hoja. Nikamwambia rafiki yangu mmoja, mshairi, mtu wa kubishana sana, kwamba sikukuu zote za ukombozi ni za watawala. Akanipiga bao papo hapo. Akasema: na Haiti je? Kweli. Haiti watumwa waliinuka usiku wa kuamkia 23 Agosti 1791, wakapigana miaka kumi na mitatu, wakatangaza nchi yao 1 Januari 1804, na mpaka leo kila 1 Januari wanakunywa supu ya boga ambayo, wanavyosimulia, mtumwa alikuwa akiipika lakini haruhusiwi kuionja. Hakuna aliyewasainia. UNESCO nao wameifanya hiyo 23 Agosti kuwa siku ya dunia ya kukumbuka biashara ya utumwa na kufutwa kwake. Kwa hiyo hoja yangu ilikuwa nusu kweli. Nimeiacha hapa hivyohivyo, usije ukadhani naificha.

Lakini Haiti imenifundisha jambo jingine, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Kule Haiti, na Jamaika, na Texas, ukisema "waliokuwa watumwa" kila mtu anajua unasema akina nani. Wao ni taifa zima, au ni jamii moja inayojijua. Wanaweza kutoka barabarani na ngoma kwa sababu hakuna atakayemgeukia jirani na kumwuliza, kumbe na wewe pia? Kwetu mambo yalichanganyika chungu kimoja. Suria alimzalia bwana, na mtoto akawa mwungwana, akarithi, akaitwa kwa ukoo wa baba. Sultani Barghash mwenyewe aliyetia saini mkataba wa 1873 alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Leo mjukuu wa aliyenunua na mjukuu wa aliyenunuliwa wanaweza kuwa ni mtu yuleyule, amekaa barazani anakunywa kahawa. Ukimwekea sikukuu atashangilia kwa jicho lipi?

Tena tusijifanye hatujui. Habari za utumwa zilishawahi kutolewa hadharani pwani hii, katika siasa za Unguja za miaka ya mwisho ya hamsini na mwanzo wa sitini. Majukwaani watu walikumbushwa nani babu yake alikuwa nani, na ilipofika Januari 1964 watu waliuawa kwa asili zao, wengine ambao hawakuwahi kumiliki hata kuku. Wazee wetu wanaposema "usiyachokore", si kila mara wanaogopa aibu ya posa. Wengine waliona damu. Nililijua hilo kama tarehe ya mtihani, lakini sikuwahi kuliweka upande mmoja wa mizani na hadithi yangu upande wa pili. Nilipoliweka, nilisita.

Lakini kimya nacho kinafanya kazi yake, hakikai bure. Kinajificha katika maneno. Sisi tunaotaka kuwa waandishi inatupasa kuyasikia maneno yanavyolia yakigongwa. Twasema "fanya uungwana", maana yake uwe na adabu, uwe na heshima. Mwungwana asili yake ni mtu asiyekuwa mtumwa. Kwa hiyo kila tunapomsifu mtu kwa tabia njema tunasema, bila kujua, kwamba adabu ni ya waliozaliwa huru na mtumwa hana. Nani alituandikia kamusi hiyo? Angalia tena: mtumwa na mtume ni neno moja la kutuma, mmoja ametumwa na Mungu, mwingine ametumwa sokoni. Na lile neno huru, kabla halijapandishwa bendera na kupigiwa mizinga, lilikuwa neno la mtu mmoja mmoja, fulani ameachwa huru, fulani ni mtoto wa huru. Tulilichukua kutoka kinywani mwa watumwa tukalipa dola, halafu tukawasahau waliolitamka kwanza kwa hamu.

Siti binti Saad, malkia wa taarabu, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika sahani za santuri, alizaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Hilo ndilo jina waliloitia. Shaaban Robert aliandika maisha yake, na sijasikia kwamba heshima ya Siti ilipungua kwa kusomwa. Nikamtajia shangazi mfano huu, nikidhani nimeshinda. Akasema: "Siti alikuwa Siti. Binamu yako auza mahamri."

Naam. Hapo ndipo falsafa yangu ilipogonga mwamba. Ukweli haugharimu watu wote sawa. Mimi nilipata makofi ya Jumamosi, binamu yangu alilipa miezi mitatu. Nilikuwa nimetoa mali isiyokuwa yangu peke yangu, nikaita ushujaa. Sisemi kwamba nilikosea kuandika. Nasema nilikosea kutouliza.

Basi nikaenda kuuliza. Ilikuwa Siku ya Mashujaa, nakumbuka kwa sababu televisheni ya jirani ilikuwa imefunguliwa sauti mpaka mwisho, bendi inapiga, askari wanakanyaga. Bibi alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikakaa chini. Nikamwambia nilichoandika, chote, ingawa alishajua. Nikamwuliza kama bibi yake aliwahi kumweleza siku alipoachwa huru.

Alichambua mchele kwanza mpaka nikadhani hatajibu. Kisha akasema: "Siku? Hakukuwa na siku. Aliambiwa na watu kondeni kwamba Serikali imesema. Akaendelea kulima palepale, angekwenda wapi?" Akalima kwa bwana yuleyule miaka, sasa kwa sehemu ya mavuno. Bwana hakumwambia kitu, naye hakumwuliza kitu. Nikamwuliza, sasa alijuaje kwamba yu huru? Bibi akacheka. "Aliponunua leso."

Nikamwomba anieleze. Utumwani mwanamke alivaa kaniki, ile nguo nyeusi isiyo na ua wala jina. Leso ilikuwa vazi la waungwana. Yule mama aliweka senti zake za mavuno, sijui misimu mingapi, akaja mjini kwa miguu, akanunua leso mbili, jozi kamili. Akarudi amejitanda, akapita mbele ya nyumba ya bwana mchana, taratibu, hakusema neno. Bibi aliisikia habari hiyo mwenyewe kutoka kinywani mwake, akiwa msichana wa miaka kumi hivi, bibi yake akiwa kizee haoni vizuri. Mwaka wenyewe mama yule hakuujua. Alijua rangi ya leso tu.

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimeishi nalo tangu utotoni bila kulifikiri. Nyumbani kwetu mwanamke haazimi leso. Chumvi ataazima, makaa ataazima, pesa ndiyo usiseme, lakini leso hapana. Dada zangu walipokuwa wadogo wakijitanda leso za majirani walichapwa, na tulidhani ni usafi. Nikamwuliza bibi kama ndiyo sababu. Akasema, "Mimi nilikatazwa, nikakataza."

Nikauliza kama nichapishe. Hakusema ndiyo na hakusema la. Alisema nisimwite mtumwa toka mwanzo mpaka mwisho wa hadithi kama nilivyofanya, kwa maana alikuwa na jina. Akanitajia jina. Lilikuwa jina la huko bara alikotoka, silo lile alilopewa hapa, na shangazi yangu hakuwahi kulisikia wala marehemu babu. Akanikataza kuliandika mpaka yeye mwenyewe atakapokuwa ameondoka duniani, na ndiyo maana, msomaji, hulioni hapa. Hadithi nimeirudisha katika daftari, naiandika upya kuanzia pale alipopita mbele ya nyumba ya bwana.

Binamu yangu ameolewa. Wiki moja kabla ya harusi alikuja kwa bibi, tumeshapatana sasa, akamwomba ile leso yake nzuri ya maua mekundu aivae siku ya kupelekwa. Bibi akafungua pindo, akatoa pesa, akamwambia aende dukani akachague yake.